Kompyuta Isiyotaka Kuamka: Mwongozo kwa Waliochoka Kusubiri

Umewasha kompyuta, ukaenda kuchemsha chai, ukainywa, ukaosha na kikombe, na vile viduara bado vinazunguka. Kabla hujampelekea fundi akupigie Windows upya, au hujaanza kuchangisha ya kununua nyingine, jua kwanza inachelewa wapi. Hatua za mwanzo hazikugharimu hata shilingi.

1. Acha kurifreshi. Ukibonyeza F5 mara ishirini, skrini huchora aikoni zake upya, basi. Kasi haiongezeki hata chembe. Pumzisha kidole, kuna kazi inakuja.

2. Tazama inapokwama. Nembo ya mtengenezaji ikiganda kabla ya viduara kutokea, Windows yenyewe haijaanza. Chomoa flashi na diski za nje, uwashe tena. Ikiwa aikoni zinatokea haraka lakini kila unachobofya kinajivuta, nenda hatua ya tatu.

3. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha fungua Startup. Hapo utazikuta programu zinazojiwasha zenyewe, zinagombea kuingia kama abiria wa daladala saa 12 jioni: ya mikutano ya video, ya muziki, ya printa uliyoigawa zamani. Iliyoandikwa High ndiyo inayokula muda zaidi. Bofya kulia, chagua Disable. Haifutiki, utaifungua siku ukiihitaji. Antivirusi iache, ila zikiwa mbili, ondoa moja. Na zile programu zinazojinadi kuongeza kasi mara nyingi utazikuta humo humo kwenye foleni. Ziondoe bila huruma.

4. Chagua Restart, si Shut down. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012 kuna Fast Startup: ukizima, kiini cha mfumo huhifadhiwa kwenye diski ili kesho kiamke upesi. Hitilafu zilizomo nazo hulala na kuamka nacho. Kwa hiyo mashine inayozimwa kila usiku yaweza kukaa wiki nzima bila kuanza upya kikweli. Restart ndiyo inayosafisha.

5. Kagua diski. Kwenye dirisha la hatua ya tatu fungua Performance, kisha Disk. Ukiona HDD, na matumizi yameganda kwenye asilimia 100 dakika kadhaa baada ya kuwasha, mchawi umemshika. Ndani mna sahani inayozunguka, kwenye laptop nyingi mara 5,400 kwa dakika, na kichwa kinachohangaika huku na huko kutafuta maelfu ya mafaili madogo. Diski ya aina ya SSD haina kinachozunguka. Hujibu chini ya milisekunde moja. Kwa laptop ya zamani, hakuna badiliko utakalolihisi zaidi ya kutoa HDD na kuweka SSD.

6. Ukisikia diski inagonga tik-tik, acha yote hayo. Nakili kwanza utafiti wako, mahesabu ya duka na picha za familia. Kasi inanunulika, picha za marehemu bibi hazinunuliki.

Sasa nenda kwa fundi ukiwa na kauli kamili: "Startup nimezizima, nimerestati, diski ni HDD na inafika asilimia 100. Naomba SSD, na mafaili yangu yahamishwe yote." Fundi mzuri atafurahi kukusikia, na pesa yako itakwenda palipoharibika.