Sifa za Gari Lisilovuta Asubuhi

Nalisifu hadharani gari langu la mwaka 1986, gari la kabureta, ambalo Julai mbili mfululizo liligoma kuvuta asubuhi hapa Njombe. Tuko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa yenyewe nyepesi, ukungu umelala barabarani, nami nimekanyaga mafuta mpaka chini huku bodaboda zikinipita.

Nalisifu kwa sababu ni gari la kweli. Gari linalokosa nguvu saa zote halikwambii kitu. Langu lilidhoofu kwenye baridi tu, na hapo lilikuwa limeshataja nusu ya ugonjwa. Petroli ya baridi haigeuki mvuke vizuri. Choki isipofunga, hewa inazidi mafuta, injini inakohoa. Thamostati ikikwama wazi, mshale wa geji ya joto unabaki chini hata ukienda mbali. Yote mawili unayakagua bila kununua kitu.

Mimi na fundi hatukulisikiliza. Tulibadili plagi, chujio la petroli, hata pampu. Likabaki vilevile: kilomita tano shwari, kisha mlimani linazama. Ukizima dakika kumi ukawasha tena, linapanda kama jipya.

Dakika kumi hizo ndizo zilizonifumbua macho. Asubuhi moja sikusubiri. Nilifungua boneti palepale kilimani, nikatoa kifuniko cha chujio la hewa, nikagusa kabureta. Injini ya moto, kabureta ya baridi inayotoka jasho, na ndani, kwenye ukingo wa vali ya kipepeo, utando mweupe wa barafu. Petroli inapogeuka mvuke hunyonya joto. Unyevu wa ukungu unaganda na kubana njia ya hewa. Ukizima, joto la injini linapanda na kuiyeyusha barafu hiyo. Ndiyo maana kila tulipofika gereji fundi hakuona kitu.

Kilichokosekana ni bomba jepesi la bati linalochukua hewa ya moto kwenye manifodi ya ekzosi na kuipeleka kwenye chujio la hewa. Kuna aliyeling'oa zamani, asione kazi yake. Nimelirudisha, na gari linavuta. Lisingenisumbua vile, nisingejua hata kwamba bomba hilo lipo duniani.

Wewe mwenye gari la kabureta huku nyanda za juu, kabla hujanunua plagi, fungua boneti uangalie kama bomba la kwako bado lipo.