Mwongozo wa Shabiki wa Meli za Angani: Pitia Dadaab Kwanza

Mashabiki wa hadithi za sayansi ya kubuni wana mchezo wao mtamu. Vita vikiisha kwenye skrini, wao ndipo wanapoanza. Rubani huyu anakula nini? Anaoga wapi? Kiatu chake kikikatika soli, nani anamshonea? Mchezo huu si upuuzi, kwa sababu ndio unaopima kama ulimwengu uliobuniwa unaweza kusimama kwa miguu yake. Mwongozo huu utakufundisha kuucheza vizuri. Unahitaji vitu viwili tu: tamthilia ya Battlestar Galactica, na Dadaab, kambi za wakimbizi zilizo Garissa, Kenya.

Tamthilia hiyo ilianza mwaka 1978, kisha Ronald D. Moore akaifufua mwaka 2003, ikaendelea hadi 2009. Binadamu wa Makoloni Kumi na Mawili wameteketezwa na mashine walizoziunda wenyewe. Waliosalia, kama 50,000 hivi, wanakimbia na msafara wa meli unaolindwa na meli ya vita Galactica, wakitafuta pa kukaa. Sasa tazama Garissa. Kambi ya Ifo ilifunguliwa mwaka 1991, Dagahaley na Hagadera zikafuata mwaka 1992. Kambi hizo tatu zilipangiwa watu 90,000. Kufikia mwisho wa mwaka 2011, mwaka wa njaa kuu ya Somalia, waliokuwa wameandikishwa Dadaab walipita 450,000. Msafara mzima wa Galactica ungeingia humo mara tisa. Ukitaka kujua watu waliokimbia wanaishi vipi siku ya baada ya kukimbia, wajuzi wako wako hapa.

Hatua ya kwanza: achana na mizinga, tafuta maji. Tamthilia ilifanya vyema kuligusa jambo hili mapema: hujuma inamwaga sehemu kubwa ya maji ya Galactica, na msafara mzima unaingiwa na hofu. Lakini shabiki makini haishii kwenye tangi. Anauliza maji yanafikaje mkononi mwa mtu. Dadaab maji hutoka kwenye visima virefu, hupanda kwenye matangi, hushuka hadi bombani, kisha husubiriwa. Mitungi hupangwa mstari, na mtungi humshikia mwenyewe nafasi akienda kushughulikia mambo mengine. Hiyo ni sheria isiyoandikwa, na imeamua ugomvi mwingi. Basi kila meli unayoitazama, iulize: foleni iko wapi, nani anaisimamia, na mwanamke mwenye mtoto mgongoni anabebaje lita 20 hadi kwake? Usipoliona jibu, libuni. Hapo ndipo kazi ya shabiki inapoanzia.

Hatua ya pili: isome nambari ukutani. Rais Laura Roslin ana ubao wa kuandikia idadi ya walio hai. Katika kipindi cha mwanzo kabisa mtoto anazaliwa ndani ya meli mojawapo, naye anaongeza moja. Mashabiki wanaipenda nambari hiyo, na wana haki. Sasa ifuate hadi jikoni. Dadaab nambari ilikuwa kwenye kadi ya mgao: ukubwa wa familia ndio ulioamua nafaka, maharagwe na mafuta yaliyoingia nyumbani. Mwaka 2013 alama za vidole zikaongezwa kwenye foleni ya chakula. Mtoto akizaliwa, furaha ni moja na safari ya kumwandikisha ni nyingine. Kwa hiyo uliza: yule mtoto wa Galactica aliandikwa na nani, na mama yake alipokea mgao wa nani siku ile?

Hatua ya tatu: usilihukumu soko. Kuna kipindi kizima cha Galactica kuhusu biashara ya magendo, nacho kinaonyesha soko kama pango la wahalifu. Hapa mbuni ameliona soko kwa jicho la askari. Mkimbizi anayeuza sehemu ya nafaka yake anatafuta pesa ya kusagia iliyobaki, ya sukari, ya maziwa, ya kuni. Soko la Hagadera lina vitambaa, simu, nyama, umeme wa jenereta unaouzwa kwa waya, na mahali pa kutuma pesa. Watu 50,000 wakikaa pamoja mwezi mmoja tu, kutakuwa na kinyozi, fundi cherehani na mama wa chai. Ukibuni meli isiyo na mama wa chai, umebuni ghala.

Hatua ya nne: kagua mlango. Karatasi za Galactica zimekatwa pembe zote nne, na simu zake zina nyaya. Simu zile ni ubunifu wa hali ya juu, maana zina sababu: Kamanda Adama anaogopa kompyuta zilizounganishwa, ambazo adui angeweza kuziingilia. Pembe za karatasi hazina sababu ndani ya hadithi. Jifunze kutofautisha. Kisha tazama mlango wa Dadaab uliotengenezwa kwa madebe ya mafuta ya kupikia yaliyofunuliwa na kugongwa yakawa bapa, maandishi ya msaada yakiwa bado yanasomeka. Mbao ni haba, debe limekuja na mgao, na familia inahitaji kitu cha kufunga usiku. Mlango mmoja unakueleza habari ya misitu, ya misaada na ya wezi. Ukuta wa nje nao ni miiba, mara nyingi ya mti wa mathenge. Kila kifaa unachokisia kwenye meli kipitishe hapa: kilikuwa nini kabla ya kuwa hiki?

Hatua ya tano: uliza nani amekataza. Walipotua sayari ya New Caprica, watu wa Galactica walikaa mwaka mzima na wengi wao bado wako kwenye mahema. Mashabiki huuliza kwa nini hawakujenga. Jibu moja liko Ifo 2, kambi nyingine ya Dadaab, ambako nyumba za matofali ya udongo zilianza kujengwa, serikali ikazisimamisha kwa kuwa zilionekana za kudumu. Hema halisemi daima kwamba watu ni wavivu au maskini. Mara nyingi linasema kuna mtu mwenye mamlaka anayetaka wageni wabaki wageni. Watoto waliozaliwa Dadaab wamekua, wakaoa na kuzaa, na bado nyumba zao zinaitwa za muda. Hakuna mbuni wa filamu aliyeliwaza jambo zito kuliko hilo.

Hatua ya sita: mwite mjuzi. Machi 2009 Umoja wa Mataifa uliwaalika watunzi na waigizaji wa Galactica kwenye makao yake makuu New York, wakazungumza kuhusu haki za binadamu na watoto katika vita. Lilikuwa jambo jema. Wakati mwingine mtu atakapotaka kufufua hadithi ya binadamu waliopoteza makao, ama hii ama nyingine, na aanzie upande wa pili: aketi na fundi wa milango wa Dagahaley, msimamizi wa bomba wa Ifo na muuza chai wa Hagadera, awalipe kama washauri, na majina yao yaandikwe mwishoni mwa filamu pamoja na ya wabunifu wengine. Nawe shabiki, hadithi hiyo ikitoka, kabla hujaisifia meli, yasome majina hayo.