Mwongozo wa Mgeni Anayetaka Kutazama Mpira Kutulo Bila Siasa

 Iwe umeletwa Kutulo na basi la Mandera, na barua ya uhamisho au na mkandarasi wa ile barabara inayotoka Isiolo, jioni itafika na utataka mpira. Utaupata. Na kwa kuwa unatoka Kenya (ndivyo wazee wa huku walivyozoea kuyaita yote yaliyo ng'ambo ya Isiolo, nawe usibishe), huenda umekuja na msimamo kwamba siasa na mpira havichanganywi. Ni msimamo mzuri. Uache chini ya kiti cha basi, kisha usome haya.

Jambo la kwanza ni kujua uko wapi, na njia bora ya kulijua ni kutouliza. Kutulo iko kwenye njia ya Wajir kwenda El Wak, pale kaunti ya Wajir inapokutana na ya Mandera, na mpaka huo una wazee wake, vikao vyake vya amani na makaburi yake. Ukitaka kuanzisha mazungumzo, uliza bei ya maziwa ya ngamia. Mzee mwenye ndevu za hina mwite adeer, yaani ami. Wewe utaitwa mwalimu hata kama ni fundi wa umeme, maana mtu wa Kenya aliyechomeka shati hawezi kuwa kitu kingine.

Mpira wa runinga utazamie hotelini, chai ya maziwa mkononi. Mechi za usiku za Ulaya zina sharti lake: upande wa Mandera kafyu ilianza Oktoba 2014 na ikawa inaongezwa kila ilipokaribia kwisha, ndiyo maana utawasikia watu wakiulizia saa ya kufunga kabla ya kuulizia kikosi. Huko Ulaya huimbwa mambo mengi na huku hakuna wa kukukamata kwa sababu yake. Taabu huanza timu ya nyumbani inapocheza.

Somo la kidole ni refu kidogo, vumilia. Agosti 2025, Kenya, Tanzania na Uganda ziliandaa CHAN, mashindano ya wachezaji wa ligi za ndani. Uwanja wa Kasarani, Nairobi, ukajaa, na baadhi ya mashabiki, walipokwisha kuishangilia timu, wakageukia kalenda: "Wantam!" Maana yake ni kwamba rais aliyeingia 2022 apewe muhula mmoja tu, ashuke. Ishara yake ni kidole kimoja juu. Wanaompenda hujibu "Tutam!" kwa vidole viwili. Zikatoka nasaha, kama zinavyotoka siku zote, kwamba siasa isiletwe uwanjani. Sasa mfikirie askari aliyepewa kazi hiyo. Kenya iliifunga DR Congo 1-0. Ikaifunga Morocco 1-0. Ikaifunga Zambia 1-0. Maelfu wameinua kidole kimoja hewani: yupi anatangaza matokeo na yupi anatangaza uchaguzi wa 2027? Siku ya Angola ilikuwa 1-1, kila upande na kidole chake, amani tupu. Tarehe 22 Madagascar ikatutoa kwa penalti, vidole vyote vikashuka bila amri ya mtu.

Huku kwetu kuna ugumu wa ziada. Kidole hicho jina lake ni kidole cha shahada, na kikiinuliwa Kutulo wa kwanza kukumbukwa ni Mwenyezi Mungu, asiye na mshirika wala muhula. Kwa hiyo kabla hujamshtaki kijana kwa kidole chake, hakikisha umejua anashuhudia nini.

Na usikubali kuambiwa kwamba kelele hizo ndizo zilizoiponza Kasarani. CAF, shirikisho la mpira la Afrika, ilipopunguza idadi ya mashabiki katikati ya mashindano, shida ilikuwa watu kuvamia malango bila tiketi na ulinzi uliolegea. Wimbo haujawahi kuangusha lango.

Ukikutana na mtu mzima anayesisitiza kwamba siasa itoke kwenye mpira, muulize kwa heshima timu ya taifa inaitwaje. Harambee ni mwito wa Mzee Kenyatta jukwaani: yeye akiuvuta, umati ukiupokea. Yaani kila anayeishangilia Harambee Stars anapokea mwito wa mwanasiasa aliyefariki 1978, na hajaandikiwa kosa. Muulize pia kuhusu Nyayo, uwanja uliopewa kaulimbiu ya Moi, rais aliyemfuata Kenyatta, na Kasarani, ambayo kwa jina rasmi ni ya Moi vilevile. Ni serikali yake Moi iliyochoshwa na timu zenye majina ya makabila, Abaluhya ikawa AFC Leopards, na Gor Mahia ikatafutiwa maneno ya Kizungu, Gulf Olympic Rangers, ili herufi tatu zibaki na Mjaluo apotee. Mashabiki waliendelea kusema Gor. Ng'ambo ya mpaka wa Tanzania, Mwanza, watu huingia CCM Kirumba, uwanja wenye chama kwenye jina lake, wakaketi kutazama mpira usio na siasa. Hata sisi wa njia hii ya vumbi tumechangia: Accra kuna uwanja wa mpira uitwao El Wak, kwa sababu Desemba 1940 askari wa Gold Coast, Ghana ya leo, walipigana na Waitaliano hapo El Wak, jirani yetu. Waghana wanacheza ndani ya jina la vita vyetu miaka yote hii, na Kutulo wachache wanalijua.

Sasa tuje kwenye mpira wenyewe, ule wa uwanja wa vumbi kando ya mji, milingoti ya miti, wavu hakuna, na mwiba unaosubiri mpira mpya. Ukiwa na bahati utakuta Kombe la Mheshimiwa. Mheshimiwa yupi si muhimu. Akitoka mmoja huja mwingine, na kombe hubadilishwa jina tu. Mechi imetangazwa kuanza saa nane. Usifike saa nane. Itaanza magari yakionekana, na magari yataonekana kwanza kama vumbi, kisha kama kuchelewa.

Jezi zimetolewa bure na zina sura ya mheshimiwa kifuani. Jambo hili lina athari za kiufundi ambazo makocha wakubwa hawajaziandikia vitabu. Beki akivuta jezi, mheshimiwa hurefuka uso. Mshambuliaji akianguka kifudifudi, mheshimiwa hula mchanga, na refa lazima aamue haraka kama hiyo ni faulo au ni utovu wa heshima. Fainali huwa inawakutanisha wachezaji ishirini na wawili wenye sura moja, wakikimbizana. Sheria za mpira za dunia zinakataza maandishi ya kisiasa kwenye jezi. Zikifika Kutulo zitakuta jezi yenyewe ndiyo hotuba.

Mapumziko ni dakika kumi na tano kwa mujibu wa sheria na ni saa nzima kwa mujibu wa spika. Mshereheshaji atashika kipaza sauti, aseme hivi: leo ni siku ya vijana, hatutaki siasa hapa, na sasa namkaribisha mheshimiwa aseme machache. Wewe usicheke. Machache hayo yatapita kwenye visima, basari, barabara, wapinzani wasio na shukrani, na jinsi gavana wa zamani alivyokuwa. Diwani naye atasalimu. Chifu atasalimu. Wachezaji watakaa chini, jasho likauke, misuli ikaze, na kipindi cha pili kitachezwa na watu wanaochechemea. Mshindi atapewa kombe, mbuzi na bahasha. Bahasha itapigwa picha ikiwa imefungwa. Hakuna hata mmoja atakayesema siasa imeingia uwanjani. Vivyo hivyo Nairobi: katika CHAN hiyohiyo rais aliahidi kila mchezaji shilingi milioni 1 kwa kila ushindi, na jambo hilo liliitwa motisha.

Ila ikitokea katikati ya machache yale kijana mmoja juu ya pikipiki akapaza sauti "Wantam!", papo hapo utasikia kwamba michezo ni michezo. Chifu atasimama. Mshereheshaji atakumbusha nidhamu. Kwa hiyo, mgeni, ukitaka kujua ni wakati gani siasa imeingia kwenye mpira, kanuni ni nyepesi: imeingia pale aliyeisema hakuletwa na gari.

Utauliza mbona wakubwa wanaogopa kelele za vijana. Si upumbavu. Algeria, mashabiki wa USM Alger walitunga wimbo kuhusu ikulu wakauimba majukwaani mwaka 2018. Februari 2019 ukawa unaimbwa barabarani na watu ambao hata timu hiyo hawaipendi, na Aprili 2 Rais Bouteflika akajiuzulu baada ya miaka ishirini. Wimbo haukumwondoa peke yake, lakini watu walipotoka nje walikuwa wameshajua kuimba kwa pamoja, na mazoezi waliyafanyia uwanjani.

Mwangalie tena adeer wako wa ndevu za hina. Goli limeingia, wote wameruka, yeye ametikisa kichwa tu. Mkoa huu uliwekwa chini ya hali ya hatari tangu mwisho wa 1963 na sheria zake hazikuondolewa hadi 1991. Alikua akijua kwamba watu wengi kukusanyika mahali pamoja ni jambo la kuombewa ruhusa, na kwamba lori la askari haliulizi mlikuwa mnashangilia nini. Wajukuu zake wanapiga kelele mbele ya chifu na kurudi nyumbani kula. Yeye huliona hilo kuwa maendeleo kuliko kisima kilichotajwa kwenye hotuba, ingawa hatakwambia.

Lakini mwongozo huu usingekuwa wa kweli kama ungeishia kukupa moyo wa kuimba tu. Wimbo wa "Wantam" hapa ni wimbo wa mbali. Anayeimbiwa yuko Nairobi, ana walinzi, ana helikopta, na kesho ataamka salama. Wimbo wa kuogopwa Kutulo hauna neno hata moja la siasa. Ni jina la ukoo. Au jina la bulla, yaani mtaa, likitamkwa kwa namna fulani. Au "rudini kwenu", ikielekezwa kwa vijana wa timu nyingine. Huku kura nyingi hupangwa chini ya mti kabla debe halijafika. Mwaka 2013, ugatuzi ulipoanza, wazee wa ukoo wa Garre wa Mandera waligawa viti mapema na wapiga kura wakapewa orodha. Ikiwa kiti ni cha ukoo, basi timu ya bulla ni ukoo wenye viatu vya mpira, na shangwe ya goli inaweza kusikika kama matokeo ya uchaguzi. "Rudini kwenu" nayo wanaambiwa watu ambao, hadi rais alipotia sahihi tangazo lake Wajir Februari 2025, walikuwa wakipangwa foleni ya uchunguzi maalumu wa kitambulisho ili wathibitishe kwamba hapa ndipo kwao. Neno hilo halimalizikii kwenye filimbi ya mwisho. Huondoka na watu hadi malishoni, hadi kisimani, na huko hakuna refa.

Hapo ndipo ilipo tofauti, na ajabu ni kwamba wasimamizi huikosea kila mara. Kijana wa "Wantam" hufukuzwa mbio na askari wawili. Anayeimba ukoo huachwa, kwa kuwa kwenye karatasi ya chifu hilo halijaandikwa kuwa siasa, na pengine kwa kuwa aliyemlipia nauli ya kuja uwanjani ameketi chini ya hema.

Basi hukumu yetu, mgeni, ndiyo hii: mwimbie rais muhula wowote unaomtakia, mmoja au miwili, kwa vidole ulivyojaliwa. Jirani yako wa benchi usimwimbie nasaba yake. Nanyi waheshimiwa, kombe lijalo tunaomba nyavu mbili, maji ya wachezaji na mtu mmoja anayejua kufunga bandeji. Jezi zije na namba tu. Hotuba ileteni Jumatatu, hata iwe ya saa tatu, atakayependa atakuja.