Ukitua Nairobi, Usiseme Umefika

Kosa langu ni kuwa na simu. Tangu binamu yangu atangaze kwamba Desemba atakuja nyumbani Manga kutoka Minneapolis, kila mwenye swali la safari anaishia mlangoni kwangu. Na maswali hayakosi, maana kwa jinsi Wakisii walivyojaa Minnesota, kule ni kama kata ya Nyamira iliyopotelea kwenye theluji.

"Ni mbali kiasi gani?" Mama akauliza.

Nikabofya. Kutoka Nairobi, zaidi ya kilomita 13,000 kwa njia ya moja kwa moja angani. Akaguna.

"Sasa Ulaya anapitia kufanya nini? Si kuzunguka huko?"

Nikamwambia Amsterdam iko karibu katikati kabisa: kama kilomita 6,700 kutoka Nairobi, na 6,700 nyingine hadi Minneapolis. Hakuniamini, na mzee jirani aliyekuja kuazima jembe hakuniamini pia. Nikachukua avokado na uzi. Nikavuta uzi kutoka Nairobi hadi Marekani, ukapanda wenyewe juu kaskazini. Ramani ya ukutani ni bapa, nikasema, ndiyo maana njia huonekana imepinda. Mzee akatazama kwa makini, akauliza kokwa liko upande gani wa Minneapolis. Mama akaikata Amsterdam, akaitia chumvi, akala.

Desemba ikafika. Ijumaa moja usiku simu ikalia. "Nimefika!"

Neno hilo moja lilimgharimu jogoo maisha yake. Mama hakungoja kuuliza umefika wapi. Mwenzetu alikuwa uwanja wa ndege Nairobi, baada ya saa nane angani hadi Amsterdam na nane nyingine kushuka huku. Kutoka pale hadi kwetu, simu yangu inasema, ni kama kilomita 250 angani. Ndege yake ingezimaliza kabla chai haijapoa.

Lakini alipanda matatu. Asubuhi ikangoja ijae. Mai Mahiu ikakaa nyuma ya malori. Narok dereva akala nyama, na dereva wetu hali kwa haraka. Kila nilipopiga, binamu alijibu "tuko karibu," kwa Kiingereza cha Minnesota. Kufikia Sotik hata hicho Kiingereza kilikuwa kimekwisha. Mvua ikanyesha, bodaboda ikakataa kilima cha mwisho, sanduku likapanda Manga juu ya kichwa changu mimi, mtaalamu wa umbali.

Jogoo alikuwa amepashwa moto mara nne. Mgeni akamtazama, akalala na viatu.

Saa tisa usiku akaamka anataka chakula. Minneapolis ilikuwa saa kumi na mbili jioni. Mama akawasha moto mara ya tano, na aliyetumwa kuni ni nani? Mwenye simu.

Basi nyinyi mlioko Minneapolis, nawaomba. Ukitua Nairobi, tuma salamu tu. La kufika utatuambia ukiwa Keroka, na hata hapo tutaanza kwa kuchemsha maji.