Muulize Shangazi Nukta

*Wiki hii Shangazi anawajibu wanaojifunza Morse kwa kompyuta.*

Shangazi, shikamoo. Kila zoezi likianza, herufi ya kwanza inanifikia imekatwa kichwa. Ikipigwa A nasikia T, ikipigwa R nasikia N. Masikio nimeyasafisha, wapi! Niifute programu?
*Masikio Safi, Tanga*

Marahaba mwanangu. Programu haina hatia. Mchawi wako ni hiyo hedifoni ya Bluetooth. Kukiwa kimya, inasinzia ili kubana chaji. A ni nukta na kistari: nukta inapita hedifoni ikiwa bado inajinyoosha, kistari ndicho kinaikuta macho, na kistari peke yake ni T. Kwa mwendo wa maneno 20 kwa dakika, nukta ina milisekunde 60 tu, haimsubiri mvivu. Chomeka hedifoni ya waya. Kama huna, iagize programu itangulize VVV kabla ya zoezi, kama wapiga redio wanavyofanya wakijaribu mitambo. V ya kwanza ikimezwa, hakuna msiba.

Shangazi, kwangu Morse inatoa mlio wa "ta, ta" kama mtu anavunja karanga. Mume wangu anasema spika zimekufa, tununue nyingine.
*Mtiifu kwa Masharti, Nakuru*

Usifungue pochi bado. Sikiliza huo mlio unatokea wapi. Ukitokea mwanzo na mwisho wa kila nukta bila kukosa, programu inawasha na kuzima sauti ghafla mno. Tafuta setingi ya kulainisha mwanzo na mwisho wa mlio, uipe kama milisekunde 5. Ukitokea ovyo, hata katikati ya kistari, kompyuta imeelemewa: ongeza bafa ya sauti, kisha funga zile kurasa za intaneti ulizoziacha wazi tangu Idi. Spika ni nzima. Mume mwambie taratibu.

Tunafundishana na mwenzangu kwa simu ya video. Mimi napiga Morse, yeye anasikia kimya. Sasa anasema sina nia naye.
*Mwenye Nia, Mwanza*

Nia unayo, mwanangu. Anayewafitinisha ni programu ya mkutano. Kazi yake ni kupitisha sauti ya mtu na kufyeka kelele, na mlio wa hezi 600 usiopanda wala kushuka, yeye anauhesabu feni. Upande wako wewe unayepiga, zima kipengele cha kupunguza kelele. Halafu mtumie VVV za kuomba radhi.

Sauti ni safi, waya nimechomeka, programu nimebadilisha, na bado sishiki kitu. Nimeweka maneno 5 kwa dakika nipate nafasi ya kuhesabu nukta. Ni kadi ya sauti?
*Nimechoka, Mombasa*

Ni hiyo hesabu. Kwa mwendo huo nukta moja inakula karibu robo sekunde, kwa hiyo unahesabu badala ya kusikia, na ukiongeza mwendo hesabu inakukimbia. Miaka ya 1930, mwanasaikolojia Mjerumani Ludwig Koch aliwaanzisha wanafunzi kwa mwendo kamili, lakini kwa herufi mbili tu. Leo wengi huanza na K na M kwa maneno 20 kwa dakika. Ukipata tisini kwa mia, ongeza ya tatu. Kadi ya sauti haijakukosea lolote, na kama hela ya kununua nyingine umeshaitenga, Shangazi anavaa kanga.