Mwindo Arudi kwa Moto

Binti yangu wa miaka minane aliniuliza mbele ya wageni: kwa nini baba ni mwalimu na nyumbani hakuna kitabu hata kimoja? Nikamjibu kwamba vitabu viko shuleni. Akasema mwalimu wake wa shuleni huwaambia vitabu viko nyumbani. Wageni wakainamia sahani za sombe kana kwamba kuna kitu kimeandikwa ndani yake.

Sikuwa nimedanganya sana. Katika shule ninayofundisha hapa Itebero, Walikale, mashariki mwa Kongo, kuna kitabu kimoja cha kusomea kwa kila benchi, na benchi hubeba watoto watano, kwa hiyo aliye pembeni hujifunza herufi zikiwa zimelala ubavu. Mimi mwenyewe nilisoma hivyo. Hadi leo nikipewa barua naiinamishia kichwa upande wa kushoto, na watu hudhani nina mashaka nayo.

Basi nikaapa palepale, bugali mkononi, kwamba nitanunua kitabu cha hadithi. Tena si hadithi za sungura wa watu. Nitamletea mtoto Mwindo, shujaa wetu wa Wanyanga, yule aliyezaliwa akitembea na kusema, mgwisho mkono wa kulia na tezo mkono wa kushoto, ambaye baba yake hakutaka watoto wa kiume akamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Mama Neema akaacha kupakua. Mke wangu anaujua mshahara wangu kuliko karani anayeulipa.

Mama yangu, ambaye watoto humwita koko, alikuwa kando ya moto akichambua maharage. Akauliza: "Mwindo anauzwa wapi siku hizi?"

Swali lake lina historia. Mwaka 1956, katika msitu huuhuu wa Walikale, mzee Candi Rureke alimsimulia Mwindo mtafiti wa Kibelgiji, Daniel Biebuyck, kwa siku 12. Mzee alisimulia, akaimba, akacheza, akaigiza kila mtu aliyemo, na waandishi wakakimbizana naye kwa kalamu. Biebuyck akishirikiana na Kahombo Mateene, mtaalamu wa lugha aliye mtoto wa hapa, wakakitoa kitabu mwaka 1969 kwa Kiingereza, huko California. Tangu hapo ukitaka kumsoma Mwindo unalipa kwa dola. Aliondoka Walikale bure, kurudi ndiyo kuna nauli.

Nikamwandikia binamu yangu aliyepelekwa Ohio na safari za ukimbizi. Akajibu kwa sauti ya furaha: kipo kitabu kidogo, cha watoto, cha mwaka 2008, kimeandikwa na Aaron Shepard, na jina lake la Kiingereza ukiligeuza ni kama Kipiga-nzi cha Maajabu. "Wamekirekebisha kwa watoto wa kisasa," akasema. "Huku Mwindo ni kama Spider-Man."

Neno hilo la kurekebisha lilinitia wasiwasi, maana nilikuwa na mfano. Utotoni, kwa mjomba wangu Bukavu, nilipekua kitabu cha katuni, Tintin wa Kongo, hadi jalada likaachana na kurasa. Ukubwani nikaja kujua kwamba nilichosoma tayari kilikuwa kimepigwa pasi. Katika kitabu cha kwanza, cha 1931, Tintin anaingia darasani na kuwafundisha watoto wa Kongo habari za nchi yao, Ubelgiji. Kilipochorwa upya kwa rangi mwaka 1946, mchoraji wake, Hergé, akaliondoa somo hilo na kuweka hesabu: mbili kujumlisha mbili. Mimi ni mwalimu, namwelewa. Ukiona mkaguzi anakuja, unafuta ubao na kuandika hesabu. Baadaye, kwa ajili ya wasomaji wa Skandinavia, kifaru aliyelipuliwa kwa baruti akaachwa aende zake salama. Kifaru alipata wa kumtetea. Sisi wenye midomo minene tulibaki tulivyochorwa, na Mkongomani Bienvenu Mbutu Mondondo alipolifikisha jambo hilo mahakamani Brussels mwaka 2007, ilipofika 2012 mahakama ikamkatalia.

Lakini nilikuwa nimeshaapa mbele ya wageni. Nikasema: tuma.

Kwa asiyejua kwetu, Itebero iko kwenye barabara itokayo Bukavu, ikapita Bunyakiri, ikavuka daraja la Hombo na kuingia Kivu Kaskazini, ikapiga mbio kuelekea Walikale. Neno "barabara" nalitumia kwa heshima tu. Chumvi, sabuni na kalamu huondoka Bukavu na bei moja, zikafika hapa na nyingine, kama mgeni anayenenepa njiani. Na mwaka 2025 ndio ulitutoa jasho. Mwishoni mwa Januari waasi wa M23 walichukua Goma, katikati ya Februari Bukavu, benki zikafunga milango, ndege zikaacha kutua Goma. Machi ikawa zamu ya Walikale penyewe. Tulikuwa hatuhitaji redio: habari unaikuta dukani imekaa juu ya bei ya sukari. Halafu mwishoni mwa mwaka ikaja habari njema, dola imeshuka mbele ya faranga. Nilikwenda dukani nikitabasamu. Mwenye duka akanisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. "Ni kweli, mwalimu," akasema. "Dola njo imeshuka. Chumvi yenyewe haikushuka nayo."

Katika hali hiyo ndipo Mwindo alipoanza safari. Kutoka Marekani hadi Kigali alibebwa bure na mama mmoja wa kanisani. Kutoka Kigali hadi Bukavu, dola tano. Bukavu hadi Hombo, nyingine tano. Kwenye vizuizi vya njiani alikaguliwa mara nne, na mara mbili kati ya hizo, nimeambiwa, alishikwa juu chini. Kila mkaguzi alirudisha kitabu na kubaki na noti, kwa sababu kitabu hakina saini. Hombo hadi hapa motari wa pikipiki alitaka dola kumi.

"Kitabu hakifiki hata nusu kilo!" nikamlalamikia.

"Mwalimu, kitabu ni kiepesi," akasema. "Njia njo iko na kilo."

Nikampa noti ya kumi. Akaiinua kwenye mwanga, akaipindua, akaona mchaniko mdogo kama jino la panya. Akanirudishia. Kwetu dola huchunguzwa kuliko bibi harusi. Ikabidi Mama Neema afungue pembe ya kitenge chake atoe noti ambayo mimi, mume wake wa ndoa, sikujua kama ipo. Jambo hilo tutalizungumza siku nyingine. Nilipopiga hesabu, kila ukurasa ulikuwa umenitoka kwa bei inayozidi yai moja. Watoto wangu hawali yai moja kila mtu.

Na kitabu kilikuwa kimelowa. Mvua ya Bunyakiri haibagui fasihi.

Sasa, kilikuwa kwa Kiingereza. Nilijua, ila nilikuwa nimejipa moyo kwamba Kiingereza cha watoto kitakuwa kidogo. Hakuna Kiingereza kidogo. Nikamwendea mwenzangu wa sekondari aliyewahi kuishi Kampala. Akakubali kuja jioni kutafsiri kwa faranga 500 kila ukurasa. Kurasa za mwanzo zilikwenda vizuri. Alipoona watoto wamekaza macho akapandisha hadi 700, akidai maneno ya ndani ni magumu kuliko ya nje. Tulikuwa kumi na mmoja kuzunguka taa ya sola, pamoja na watoto wa jirani ambao hawakuchangia kitu.

Tatizo la kwanza lilikuwa jina lenyewe. Koko akataka kujua kipiga-nzi ndiyo nini. Mwenzangu akaeleza: ni kile kibao cha plastiki cha kuulia nzi mezani. Koko akaweka maharage chini.

"Mwindo alikuwa na mgwisho. Mgwisho wa mwami, wa mfalme. Mwami anaua nzi?"

"Koko, ni tafsiri..."

"Mwami hapigi nzi. Anapepea, na nzi mwenyewe anajua kuondoka."

Tukaendelea. Mwindo akafungiwa ndani ya ngoma, ngoma ikatupwa mtoni, mwenzangu akalamba kidole afungue ukurasa, na ukurasa haukufunguka. Ulikuwa umeshikamana na wenzake kama bugali la jana. Tukajaribu kwa wembe. Tukajaribu kwa mvuke wa sufuria. Kikachanika kipande chenye umbo la Ziwa Kivu. Binti yangu akaanza kulia: Mwindo yumo ndani ya maji na hakuna anayeweza kumtoa.

Koko akajifuta mikono. Hakusimama. Alianza kwa kugonga chungu kwa kijiti, halafu akaimba kwa Kinyanga, akatuonyesha kwa mkono pa kuitikia, na sisi, pamoja na msomi wa Kampala, tukaitikia. Ngoma ikaelea. Ikateremka na mto, kwa shangazi yake Iyangura. Samaki wakauliza ni nani huyu. Halafu, sikujua imetoka wapi, ngoma ikapita chini ya daraja la Hombo, na watu wa kizuizi wakaiita: wewe ngoma, simama, karatasi zako ziko wapi? Mwindo akajibu kutoka ndani kwamba amezaliwa leo asubuhi, karatasi ataitoa wapi? Wakamwambia basi atoe ya kahawa. Akapepea mgwisho, na kamba ya kizuizi ikainuka yenyewe.

Watoto walipiga kelele hadi mbwa wa jirani akajibu.

"Mama," nikasema, kwa sababu ualimu ni ugonjwa, "kizuizi hakikuwemo katika hadithi."

"Wewe ulikuwepo?"

Nikanyamaza. Akaishia hapo, ngoma ikiwa bado majini, akarudi kwenye maharage yake. Mwenzangu akafuta machozi ya kicheko, akanidai pesa za kurasa alizosoma na za zile zilizogandamana, kwa maelezo kwamba alikuwa tayari.

Kesho yake jioni watoto walikaa mapema. Koko akatangaza bei: kikombe cha chumvi kwa usiku mmoja, na pombe kidogo ya ndizi, kasiksi, ya kulainisha koo. Usiku wa nne kikombe kikawa kikombe na nusu. Nikauliza kulikoni. Akasema amesikia dola imepanda. Nikamweleza kwamba imeshuka. Akasema hadithi yake haikushuka nayo.

Kitabu tunacho, kiko juu ya kabati, kimekauka na kuinuka kama sambusa. Koko hakopeshi. Jana usiku Mwindo alikuwa hajafika kwa shangazi yake, na nyumbani imebaki chumvi ya siku mbili.