Maneno 400

Heko kwa waliotuwekea sharti kwamba insha ya Kiswahili katika mtihani wa KCSE isipungue maneno 400. Bila hilo, watoto wa Kenya wangesema walichokusudia kisha wakanyamaza. Hasara iliyoje!

Wahenga, kwa mfano, walikuwa wavivu. "Mchovya asali hachovyi mara moja": maneno matano, wakaenda zao kulala. Leo mtahiniwa hupewa methali kama hiyo na kuirudishia unene wake: jua lawaka, ndege waimba, shangazi atoka Mombasa, basi lapata pancha. Abraham Lincoln naye, pale Gettysburg mwaka 1863, alithubutu kusimama na maneno yapatayo 270 tu. Wanamsifu hadi leo, lakini mtahini makini angemwandikia kwa wino mwekundu: "Jitahidi. Panua hoja."

Mwanafunzi aliyekomaa haandiki "alikufa". Huandika: "aliiaga dunia, akaipa mkono wa buriani, akaenda jongomeo, akawaacha wazee kwa vijana, wake kwa waume, wakubwa kwa wadogo." Marehemu mmoja, maneno 18. Wakifa wawili watatu hivi, ukurasa umejaa.